Admin wa Duka la Cherehani

Wivu una adabu zake. Huanza kwa kukaribisha. Siku wifi yake alipoingia dukani kwa mara ya kwanza, begi la kompyuta likining'inia begani, Mama Bobini mwenyewe ndiye aliyemfutia kiti vumbi, akamwekea na kitambaa cha kukalia, akasema, "Karibu wifi, hapa ni kwako." Na alimaanisha. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Ijumaa alikuwa hamaanishi tena.

Duka lenyewe ni la kutengeneza cherehani. Mbele pana kaunta ya kioo iliyojaa sindano, bobini za kuzungushia uzi, mikanda na vichupa vya mafuta. Nyuma ya pazia pana karakana, ambamo Fundi hushinda ameinamia mashine zilizopasuliwa matumbo. Mkewe hukaa kaunta. Wateja ndio waliompa jina la Mama Bobini, kwa sababu ukimletea bobini iliyovunjika kiganjani, huitazama mara moja tu akakutajia ni ya cherehani gani, ya toleo gani, na ukimchokoza atakuambia na tabia ya aliyeivunja. Jina lilimkaa hata mumewe akasahau kumwita vingine.

Kwenye kona ya kaunta ipo kompyuta, na hapo ndipo penye maneno.

Miaka tisa nyuma, mteja mmoja aliyekuwa mjuzi wa mitandao aliwatengenezea tovuti ya duka, akawaonyesha pa kuingilia, jina "admin" na nenosiri lake, kisha akahamia mji mwingine. Fundi alisema yeye ni mtu wa bisibisi, si mtu wa kuandika. Mama Bobini alivuta kiti akaketi. Tangu hapo, kila jioni mumewe akiwa anakula, alimwuliza leo umekutana na ugonjwa gani. Fundi angesimulia huku anatafuna: kuna cherehani ilikuwa inakula nguo, kumbe mwenyewe kaweka sindano kinyume. Kesho yake wateja wakipungua, Mama Bobini angeyaandika kwa namna yake: "Kabla hujaipiga kofi cherehani yako, itazame sindano. Kofi halijawahi kumnyoosha mtu, sembuse mashine." Aliandika makala mia moja arobaini na tatu namna hiyo. Chini ya kila moja, tovuti ilijiandikia yenyewe: Imeandikwa na admin.

Watu walizisoma. Waliandika chini yake, "Asante Admin, nilikuwa nimeshaamua kuitupa." Mwingine akaandika, "Kaka Admin, Mungu akuzidishie." Kaka! Mama Bobini alicheka peke yake hadi mteja aliyekuwa anachagua vifungo akamwuliza kulikoni. Lakini dukani mambo yalikuwa mengine. Wateja waliingia wakisema, "Fundi, ile makala yako ya mkanda unaoteleza imeniokoa," na Fundi akaitikia kwa kichwa huku anakaza skrubu. Mwanzoni alikuwa akimtupia mkewe jicho, wanacheka wote. Baadaye aliacha kutupa jicho. Sifa ni kitu cha ajabu, ukiivaa sana unaamini umeshonewa wewe. Mama Bobini hakulalamika. Alijiambia, Admin ni mimi, na ajuaye ajue. Aliyejua ni yeye peke yake.

Sasa ndiyo akaja wifi. Mdogo wa mwisho wa Fundi, amemaliza masomo ya kompyuta, anasubiri kazi, na kaka yake akamwambia badala ya kukaa bure aje asaidie dukani. Tangu utotoni anaitwa Chapu, kwa sababu inasemekana alikimbia kabla ya kutembea. Siku ya pili alikuwa ameshafanya tovuti ifunguke haraka. Siku ya nne akaweka picha za mashine. Na siku ya tano Mama Bobini akamsikia mumewe akimwambia mteja, kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba mpya, "Huyu ni mdogo wangu. Huyu ndiye mtaalamu wa tovuti yetu."

Siku tano kwa miaka tisa! Mama Bobini alizirudia hesabu hizo mpaka akajikuta anapanga sindano namba kumi na nne kwenye boksi la kumi na sita. Kipya kinyemi ingawa kidonda, alijisemea. Kuanzia hapo, moyoni, hakumwacha binti wa watu apumue. Alimwonea wivu vidole vyake, vilivyocheza juu ya herufi bila yeye kuvitazama. Alimwonea wivu miwani. Alimwonea wivu hata namna alivyosema "kaka" na Fundi akaitika kutoka nyuma ya pazia mara moja, yule yule Fundi ambaye mkewe humwita kula mara tatu na mara ya nne humfuata. Usoni alitabasamu. Kuficha alijua, lakini kuacha hakuweza.

Wiki ya tatu Chapu alimwita. "Wifi, njoo uone. Hii ni jana peke yake. Mara mia nne na kumi na mbili kuna watu wamejaribu kuingia kwenye tovuti yetu."

Mama Bobini alilisikia neno "yetu" kabla ya kuisikia hiyo mia nne. "Watu gani?"

"Wadukuzi. Wala hawajaribu kwa mkono, wana programu zinazozunguka kutwa kucha zinatikisa vitasa. Na zote zinaanza na jina 'admin', kwa sababu ndilo jina tovuti nyingi zinazaliwa nalo na watu hawajisumbui kulibadilisha. Mtu wa kuingia anahitaji vitu viwili, jina na nenosiri. Sisi jina tumeshawapa bure. Wamebakiza kukisia kimoja tu."

"Mbona miaka yote hiyo hawajaingia?"

"Hawajabahatisha, wifi. Siku wakibahatisha wanatufungia nje, wanajaza matangazo ya kamari, na sisi tunabaki kupiga hodi kwetu wenyewe."

"Basi libadilishe!" Fundi alidakia kutoka nyuma ya pazia. Amesikia vizuri kweli leo, Mama Bobini aliwaza.

"Halibadilishwi moja kwa moja, kaka. Nafungua akaunti mpya yenye mamlaka yote, kwa jina ambalo mtu hawezi kulikisia. Halafu namfuta admin."

Namfuta admin. Mama Bobini alisimama pale kama mtu anayesikia mazishi yake yakipangwa naye bado ana kijiko mkononi. Hoja aliielewa, hakuwa mjinga. Mlango wenye nusu ya ufunguo nje ni mlango wazi. Kilichomchoma ni nani aliyeshika ufunguo mpya. Akasema, "Sawa, nyie ndio mnaojua," akarudi kwenye sindano zake.

Kesho yake asubuhi Chapu alimgeukia, mikono ikiwa tayari. "Wifi, nichagulie jina la kuingilia. Ila lisiwe Mama Bobini, hilo linajulikana mtaa mzima."

Hapo palikuwa pa kusema. Sentensi moja tu ingetosha: wifi, makala hizi ni zangu, nifungulie mimi. Lakini kununa nako kuna utamu wake, na Mama Bobini alikuwa ameuonja wiki tatu. "Weka unalotaka," alisema bila kuinua uso. "Duka ni lenu nyie wa damu moja."

Chapu alirudisha macho kwenye skrini. "Basi naweka langu kwa sasa, tutarekebisha."

Mama Bobini alisikia "naweka langu". Lile "kwa sasa" lilimpita. Masikio ya mtu mwenye wivu yanachagua.

Haikupita nusu saa, Fundi akaita. "Chapu! Njoo unisomee kitabu cha hii mashine, maandishi yamekuwa sisimizi!" Chapu akainuka kwa ile kasi yake, nusura aangushe kiti, akapotelea nyuma ya pazia. Kompyuta ikabaki wazi.

Mama Bobini alijiambia anakwenda kufuta vumbi. Alikwenda na kitambaa, nampa haki yake. Kwenye skrini palikuwa na ukurasa mmoja mweupe wenye maneno machache. Umeagiza kumfuta mtumiaji huyu: admin. Kazi zake zifanyweje? Chini yake palikuwa na viduara viwili vya kuchagua. Cha kwanza: Futa kazi zake zote. Cha pili: Mrithishe. Na mbele ya neno "mrithishe", ndani ya kisanduku, palikuwa na jina la wifi yake, refu, kamili, hadi la ukoo. Kiduara cha pili ndicho kilichokuwa kimechaguliwa.

Kwa hiyo kofi lisilomnyoosha mtu lingekuwa la Chapu. Mkanda unaoteleza ungekuwa wa Chapu. Watu wangeandika chini yake, "Asante dada Chapu, umeniokoa," na Fundi angeyasoma kwa sauti. Wivu ulimpanda hadi akaona herufi zinacheza. Alimchukia. Tuseme ukweli, kwa dakika ile moja alimchukia binti ambaye yeye mwenyewe alimfutia kiti vumbi. Kuliko ziwe zake, aliwaza, bora zisiwe za mtu. Akahamisha alama kwenye kiduara cha kwanza. Akabonyeza Thibitisha.

Mtumiaji mmoja amefutwa, skrini ikasema, kwa upole kabisa.

Alifungua tovuti. Picha za mashine zilikuwepo, nambari ya simu ilikuwepo. Mahali pa makala paliandikwa: Hakuna kilichopatikana. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya alikuwa ameyateka mwenyewe kata kwa kata, miaka tisa. Mteja aliingia akaomba zipu nyeupe, ndefu. Mama Bobini akarudi nyuma ya kioo kumtafutia, kitambaa cha vumbi bado kiko begani.

Chapu alirudi akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alitulia kabisa.

"Kaka," aliita. Sauti haikuwa yake. "Kaka, njoo. Nimefuta kila kitu."

Fundi alitoka na mikono yake ya grisi. "Umefuta nini?"

"Makala zako zote. Ulivyoniita niliinuka haraka, lazima mkono ulibonyeza vibaya. Sikumbuki hata... Kaka, sikumbuki."

Fundi alipandisha sauti. Fundi huyo ambaye kwa wiki tatu alikuwa anamtaja dada yake kama dua, alimgombeza mbele ya mteja, mwenye zipu akabaki mdomo wazi. "Miaka tisa, Chapu! Nusu ya wateja wangu wanatoka huko! Mashine haitaki papara, kila siku nawaambia watu!" Na Mama Bobini, nisimfiche, aliona raha. Raha tamu kama ya kukuna mahali palipowasha muda mrefu. Ilidumu kwa kadiri ya kufunga zipu kwenye karatasi.

Kwa maana Chapu alianza kulia. Alilia kwa kelele, kama mtoto, anafuta pua kwa mkono wa blauzi, anarudia "makala zako, kaka, makala zako". Na Fundi hakumsahihisha. Mama Bobini alimtazama mumewe akingoja amsahihishe. Alingoja mpaka mteja akaondoka. Fundi alisema tu, "Ndiyo hivyo, kazi yangu yote." Wivu wa Mama Bobini, uliokuwa umezoea kumtazama mtu mmoja, ukageuza shingo.

Ghafla Chapu akajipiga paji la uso. "Flashi! Kaka, asubuhi kabla sijagusa kitu nilichukua nakala ya tovuti nzima. Chuoni walitukaririsha mpaka tukachoka: usifute kitu ambacho hujakiweka akiba." Akaitoa kwenye begi na kuichomeka, macho bado yamevimba. Ilimchukua saa moja na nusu. Makala zilirudi moja baada ya nyingine, mia moja arobaini na tatu, na chini ya kila moja, Imeandikwa na admin. Admin naye alikuwa amefufuka pamoja nazo, na ilibidi kazi ianze upya.

Fundi alifurahi akasahau kama aligomba. Alimshika dada yake bega. "Mnaona mtu? Hata akiharibu, anaharibu kitaalamu!" Wa kuambiwa alikuwa mke wake peke yake, kwa hiyo mke wake akasikia yote.

Ukurasa mweupe ukafunguka tena, safari hii mbele yao wote watatu. Kazi zake zifanyweje?

"Mrithishe ndiyo nini?" Fundi aliuliza.

"Makala lazima ziwe na mwenyewe, kaka. Lile jina langu nililiweka kwa muda tu. Nikufungulie akaunti yako, ziwe kwa jina lako?"

Fundi alifikiri huku anajifuta grisi. "Mimi sina haja ya majina. Acha hilo lako. Wewe ndiye uliyeziokoa, bila wewe leo tusingekuwa na hata moja. Zichukue." Mkarimu kweli Fundi, kwa mali ya mtu.

Chapu akashika kipanya.

"Usibonyeze," Mama Bobini alisema.

Wote wakageuka.

"Hizo makala niliandika mimi. Zote. Mwulize kaka yako."

Chapu alimtazama kaka yake. Fundi alikohoa. "Si nilikuwa namsimulia... Ile ya mkanda unaoteleza, kwa mfano, si niliisema mimi?"

"Uliisema ukiwa unatafuna," mkewe alimjibu. "Ulisema, 'mkanda ulikuwa na mafuta, nipe maji.' Mengine yote niliandika mimi."

Fundi alijifuta tena grisi mikononi. Na hapo ndipo Mama Bobini angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshashinda, jina lilikuwa lake, na siri ya pili ingekwenda naye kaburini bila kumsumbua mtu. Lakini Chapu alikuwa ameinuka kwenye kiti, uso umembadilika.

"Wifi! Kumbe zilikuwa zako? Nimefuta kazi yako ya miaka tisa, na umekaa hapo kimya bila kunigombeza? Nisamehe wifi. Wallahi nisamehe. Sikujua." Akamshika mikono yote miwili.

Angempiga ingekuwa nafuu. Mikono ile ilikuwa ya moto na bado ina unyevu wa machozi.

"Hukuzifuta wewe," Mama Bobini alisema. "Nilizifuta mimi. Ulipokuwa nyuma na kaka yako. Niliona jina lako pale, nikazifuta."

Chapu hakuiachia mikono mara moja. "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

"Kwa nini, wifi?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Mimi nina nini? Sina hata kazi."

"Umetajwa," Mama Bobini alisema. "Siku ya tano tu umetajwa mbele ya mteja. Mimi hapa sijawahi."

Fundi alitazama viatu vyake. Kisha akapita kwenye pazia taratibu, na huko nyuma haikusikika bisibisi wala nyundo.

Chapu aliiachia mikono. "Ukaniacha nilie," alisema, si kwa hasira, kama mtu anayeangalia kama amesikia vizuri. "Nililia mbele yako wifi, ukawa unafunga zipu."

"Ndiyo."

Chapu aliketi akafungua akaunti nyingine yenye mamlaka yote, vidole vilevile, kasi ileile. Kisha akasogeza kiti pembeni. "Hapa weka jina la kuingilia, lolote ambalo mtu hawezi kulikisia, na mimi usinionyeshe. Hapa nenosiri jipya. Na hapa andika jina litakaloonekana chini ya makala." Akageukia ukutani mpaka Mama Bobini alipomaliza. Akarudi kwenye ule ukurasa mweupe, akalitafuta jina jipya ndani ya kisanduku, akasimama. "Bonyeza mwenyewe."

Mama Bobini alibonyeza. Mtumiaji mmoja amefutwa. Akafungua makala ya kwanza aliyowahi kuandika, ya sindano iliyowekwa kinyume, akateremka hadi chini. Jina lake lilikuwa pale, lile la kwao, alilopewa na mama yake, limeandikwa kwa herufi ndogondogo za kijivu. Akafungua ya pili. Akafungua ya kumi, ya hamsini. Lilikuwepo kote. Alifurahi, asidanganye mtu. Moyo ulimjaa akataka kupiga kelele. Alitaka mtu wa kumwonyesha.

Nyuma ya pazia palikuwa kimya. Pembeni Chapu alikuwa amempa mgongo, anakunja waya wa kompyuta yake kidogokidogo, na begi liko wazi juu ya kile kiti alichofutiwa vumbi.

"Wifi," Mama Bobini aliita. "Njoo uniangalizie kama limekaa vizuri."

Chapu alimaliza kukunja waya, akafunga zipu ya begi, akaja. Alisimama upande wa pili wa kaunta, wanaposimama wateja, ambako skrini haionekani.

"Limekaa vizuri, wifi," alisema.